Mawifi kwenye Benchi Moja

Wifi mkubwa alibobea katika historia ya majengo. Wifi mdogo, mke wa kaka yake, katika kemia ya chokaa. Wote wawili walikuwa na shahada ya uzamivu, na nyumbani walitaniwa kwamba kwao hata mtoto akikohoa, kikohozi kinafanyiwa utafiti kwanza. Utani huo uliwachekesha wengine zaidi. Wao wenyewe, tangu harusi, waliishi kwa adabu tu: salamu, chai, na kila mtu na lake.

Chuo kikuu kilipotangaza nafasi za utafiti wa baada ya uzamivu kwa fani zote, kuanzia sheria hadi uuguzi, kila mmoja aliomba kimya kimya. Mdogo alimwambia mumewe, akamkanya asifungue mdomo. Mkubwa hakumwambia mtu. Aliogopa kukosa halafu aonewe huruma, hasa na wifi yake.

Asubuhi ya usaili, mkubwa alifika akamkuta mdogo kwenye benchi nje ya chumba cha jopo, amevaa viatu vyake vya harusi. Wakatazamana. Mdogo akasogea kumpisha.

"Karibu, wifi. Usiniulize nafanya nini hapa, nami sitakuuliza."

Mdogo ndiye aliyeitwa kwanza. Alieleza vizuri jinsi chokaa inavyokomaa ukutani. Mwenyekiti wa jopo, profesa wa falsafa mwenye sauti ya upole, akamuuliza kuhusu kuta za kale ambazo lipu yake haijapasuka mpaka leo: mafundi wa wakati ule waliitayarishaje, na walijifunza kwa nani? Mdogo alijua kupima kilichomo ukutani. Habari za mafundi hakuzijua. Angeweza kuzungukazunguka. Hakufanya hivyo.

"Hilo silijui," akasema. "Anayelijua yuko nje kwenye benchi. Ni wifi yangu."

Jopo likacheka, kisha mwenyekiti akaagiza aitwe. Mkubwa aliingia akidhani zamu yake imefika, akashangaa kuona kiti cha pili kikisogezwa. Alipoulizwa swali lile lile, akaanza kueleza koo za waashi na jinsi walivyoloweka chokaa misimu mizima kabla ya kuitumia. Kabla hajamaliza, mdogo akadakia kwamba ndiyo maana punje zake ni laini vile. Miaka yote alikuwa akiziona kwenye darubini asijue zimefikaje hapo. Wakaanza kuulizana wao kwa wao, jopo likabaki kusikiliza.

Walipotoka, mkubwa akasema, "Ungeweza kunyamaza."

"Ningenyamaza ningekosa. Tena nilitamani siku nyingi kukuuliza mambo yako. Uso wako ndio ulionitisha."

"Uso nimerithi kwa mama. Mlaumu mkweo."

Walipata wote: nafasi mbili, mradi mmoja. Ofisi waliyopewa ilikuwa stoo ya viti vibovu. Mkubwa alichukua meza ya dirishani kwa haki ya umri, mdogo akajaza kabati lote vipande vya kuta. Wanagombania feni, na vumbi la chokaa linaloangukia vitabu halijapatiwa suluhu. Kaka mtu analalamika kwamba siku hizi mezani hapati pa kupenyeza neno, ila hulalamika huku akiwaongezea chai.