Kaseti ya Eliamini

...bado kidogo, shemeji, namwambia, naimalizia, na kwenye kioo cha deki naona meno yangu yakitabasamu yenyewe, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili anamchekea mjane, naye Nalepo anasema haya, mimi sina haraka, gari la Kisongo haliondoki mpaka lijae, anavuta benchi, anakaa chini ya picha za wanamuziki wa Kongo, anakunja kitenge magotini na kunitazama mikono, afadhali angetazama nje, hapa Levolosi siku hizi kuna mengi ya kutazama, mitumba imetandikwa mpaka milangoni kwa watu, redio za Japani, viatu vya Ulaya, kila kitu ruksa, aangalie hayo, aache mikono yangu, maana santuri inazunguka na sindano ndiyo kwanza imeingia upande wa pili, Vumbi la Kisongo, dakika kumi na moja, na kaseti inayorekodi kwenye deki ni ile ile yake aliyoniletea, ganda lile lile la rangi ya maziwa, mwandiko wa Eliamini wa wino wa bluu, MAZOEZI, DESEMBA 76, ganda ndilo, ila ndani mumewe hayumo, nimemfuta.

Nimemfuta, basi, limesemwa, ndani ya kichwa tu lakini limesemwa... ilikuwa Jumamosi, duka limejaa, huyu anataka nyimbo za harusi, yule anataka za Kikongo, kaseti rundo mezani, mkono ukachanganya, ndivyo nitakavyomwambia akigundua, shemeji, kazi hii ina ajali zake, naye ni mwelewa, Mlutheri wa kweli, ataniombea na dua juu, lakini hatagundua, ndiyo maana nammiminia santuri humo ndani, gita ni lile lile la mumewe, tarumbeta ni langu, atafika kwake ataweka, atasikia gita, atalia kidogo, atashukuru... na hapo namdanganya nani, alichotaka si gita, aliniambia hapa hapa wiki iliyopita ameishika kaseti kwa mikono miwili, shemeji, nitolee nyingine kama hii isije ikapotea, ndiyo sauti yake tuliyobaki nayo, mwanangu Lengai anabatiza mtoto Jumapili, amempa jina la babu yake, nataka mtoto akikua amsikie babu yake anavyoongea. Anavyoongea. Picha wanazo mbili, moja ya kipaimara na moja ya bendi ambayo amekatwa kichwa, lakini sauti ni hiyo moja, na mimi nikaipokea nikasema ondoa shaka, shemeji, hapa ndiyo nyumbani kwake.

Hii si ile ya santuri, shemeji? anauliza, nasema ndiyo, napima mitambo kwanza, nasawazisha sauti, uongo unatoka laini kama wa mtoto wa shule, anaitikia ahaa, anaanza kupigapiga kidole gotini, wala hapigi vibaya, anaujua mdundo huu ambao Thomasi mpiga ngoma aliukataa siku tatu nzima, akisema haya mapigo si manne wala si matatu, mnataka watu wacheze kwa mguu gani, na Eliamini akamjibu cheza kwa miguu minne, kama ng'ombe, tukacheka mpaka tukakaa chini, ndani ya stoo ile ya kahawa Ngaramtoni, vumbi la maganda puani, jenereta la kukodi nje, naye alikuja kwa baiskeli kutoka Kisongo, gita mgongoni limefungwa kwa shuka, na jambo la kwanza alilofanya ni kutoboa spika yetu ya pekee kwa sindano ya kushonea magunia, nikataka kumpiga, akasema subiri, akagusa uzi mmoja na spika ikakoroma, ikanguruma, ile sauti ya maroki ya Ulaya tuliyoisikia redioni tukidhani mpaka uwe na mashine ya pesa nyingi, yeye kaipata kwa sindano. Mimi nilikuwa na jazi yangu, niliyojifunzia kwenye santuri za Mgiriki mmoja mwenye shamba, niliyekuwa namfagilia veranda, nilidhani mimi ndiye msomi wa muziki na yeye ni mchunga ng'ombe mwenye gita, na wimbo wenyewe ulikuwa wa mama yake, aliokuwa akiwaimbia ng'ombe wakati wa kukamua, akaunyoosha huku, akaukunja kule, akaukorogea ngurumo, akasema haya, Uwesu, weka tarumbeta lako hapa.

Sasa gita linapanda, bado dakika tano kufika pale, kile kimya, wote wanaoipenda santuri hii wanakipenda kwa sababu ya kile kimya, madereva wa malori Namanga, walimu, Wazungu wawili waliokuja mwaka jana wana daftari, bendi nzima imechemka, ngoma, besi, gita linakoroma, mtu anadhani sasa paa linaondoka, halafu hakuna kitu, bendi yote kimya, unasikia tu umeme wa spika, mtu akianza kujiuliza kama sindano imeruka ndipo tarumbeta linaingia peke yake, kwa chini, na watu huwa wanafumba macho, nimewaona hapa hapa dukani, mzee mmoja alisimama na mfuko wake wa nyanya mpaka wimbo ukaisha akasahau kilichomleta. Na mwezi uliopita yule mtangazaji wa Dar, wa redio hizi za watu binafsi, ananiwekea maiki mdomoni, mzee Uwesu, tunataka kuitoa upya kwenye CD, tuambie, kile kimya ulikipataje, nikakohoa kidogo, nikasema, kilinijia tu, mwanangu, nilikuwa natembea kwenye barabara ya Kisongo, magharibi, kikanijia. Magharibi, nikaongeza na magharibi. Nikarushwa hewani nchi nzima, Twahira binti yangu akapiga simu kutoka Tanga, baba nimekusikia, nimelia.

Kilinijia. Kilikuwa kwenye kaseti, ndicho kilichokuwa kwenye kaseti, niliiweka Jumamosi ile nione inahitaji kusafishwa kiasi gani, na stoo yote ikarudi, jenereta, Thomasi anapiga chafya, halafu sauti yake Eliamini karibu kabisa, kama amekaa hapo alipokaa mkewe sasa, hapana, Uwesu, unakimbia, ng'ombe akinusa maji hakimbii hapo hapo, kwanza anainua kichwa, wote wanainua vichwa, kundi zima linasimama, ndipo waende, na wewe inua kichwa kwanza, sisi wote tutanyamaza tukungoje, na sauti ya pili, kijana anayejibu kwa unyenyekevu wote, haya, mwalimu, na huyo ni mimi. Haya, mwalimu. Nikazima. Nikaangalia mlangoni kama kuna aliyesikia, dukani pamejaa watu na hakuna aliyejali, nikawaza Nalepo atampa Lengai, Lengai ana rafiki zake wa mjini, itafika kwa yule mtangazaji, watairusha hewani, mwalimu, mwalimu, na Twahira atapiga simu tena... halafu ndiyo mkono ukachanganya, watu wengi, kaseti rundo...

Uwesu, acha. Unamwambia nani? Nafsi yako? Kitufe hakikushuka. Hili ndilo nimelikwepa wiki nzima, nikilala nimegeukia ukuta, kitufe cha kurekodi hakikushuka, kwa sababu Eliamini alivivunja vile vijino viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti, kama afanyavyo mtu asiyetaka kitu chake kifutwe milele, na mashine ya Kijapani haina undugu na mtu, ikigusa pale ikakuta tundu inakataa kurekodi, ikakataa, nikaminya tena, ikakataa tena, imenipa nafasi mbili, mashine, zaidi ya nilizojipa mwenyewe, nami nikachana karatasi ya pakiti ya sigara, nikaikunja ndogo, nikaisokomeza kwenye tundu kwa ncha ya bisibisi, kazi ninayoifanya mara ishirini kwa siku kwa kaseti za watu wanaotaka kufuta nyimbo walizozichoka, nikaweka muziki wa Kikongo, nikaminya, kikashuka. Mkono haukuchanganya kitu. Mkono ulikunja karatasi. Mkono unaochanganya haukunji karatasi.

Chai ipoe kidogo, anasema Nalepo, sikumbuki hata nimemwagizia saa ngapi, ameshika kikombe kwa kiganja na anatikisa kichwa taratibu, amenenepa kidogo tangu msiba, miaka minne, nilibeba jeneza lile, nilitembea matopeni na bega la kulia chini ya Eliamini, na hata pale nilikuwa namwomba anisamehe kimoyomoyo halafu nikirudi nyumbani nabaki na jina. Jina lenyewe, laiti ningelipata kwa kugombana. Nairobi, Januari sabini na saba, studio ya siku moja, maiki mbili, wote pamoja, mmoja akikosea mnaanza tena, mara ya saba ndiyo hii inayozunguka hapa, Eliamini hakungoja hata kuisikia, alifunga gita kwenye shuka akakimbilia basi la Namanga kwa sababu Nalepo huyu alikuwa amefikia siku zake, tumbo la Lengai, na asubuhi karani akanisogezea fomu, jina la mtunzi, mstari mmoja, kalamu ilikuwa yangu, nikasema nitamweleza. Februari mpaka wa Kenya ukafungwa, nikasema sasa hata nikitaka kurekebisha nitapitia wapi, ilinifaa kweli ile, nchi mbili zimenuniana nami nikapata pa kujificha, na santuri zilipofika zilikuja chini ya magunia ya maharage, ishirini tu, nikampelekea ya kwake Kisongo, akaitoa, akaisoma ile karatasi ya katikati, akaisoma tena, mtoto anamlilia begani, akairudisha polepole kwenye jalada lake, akasema limetoka vizuri, Uwesu, umekula? Umekula. Nikasema sijala, nikala kwake, makande na maziwa, miaka kumi na saba nikala kwake kila sikukuu, naye hakuligusa neno lile hata amelewa, ila tu alivunja vijino vya kaseti moja akaiweka sandukuni.

Gita linapanda sasa, linakoroma kwa tundu la sindano, dakika moja labda, na Nalepo anacheka, anacheka peke yake, nasema vipi, shemeji, na anasema nimekumbuka pale mwisho wa kaseti, pale anapokutaja, sisi nyumbani hapo ndipo tunapopapenda, Lengai anaweza kuigiza mpaka unavyokohoa. Pale mwisho? nasema. Mimi sikufika mwisho. Ndiyo, pale anaposema, Uwesu, tukifika Nairobi tuandike majina mawili, langu na lako, maana bila tarumbeta lako wimbo huu ungebaki zizini na mama, halafu wewe unacheka, unacheka, unasema andika la kwako kwanza, hukumbuki? Anapangusa jicho kwa ncha ya kitenge. Alipenda kulisema hilo, mpaka hospitali alikuwa analisema, majina mawili. Mliandika hivyo, si ndiyo, shemeji? Mimi maandishi ya kwenye santuri sijui kusoma, na yeye nilimuuliza siku moja akaniambia kamuulize Uwesu, ndiye aliyeandika.

Kamuulize Uwesu. Ameniachia mimi niseme, miaka yote ile, hakunificha wala hakunishitaki, alingoja niseme mwenyewe, na kwenye kaseti ile niliyoiogopa kama polisi kulikuwa na nusu yangu ya halali, kwa mdomo wake, na kicheko changu, cha ujana wangu, cha siku nilipokuwa bado sijamwibia mtu, nimeifuta na hiyo, nimekifuta nilichopewa ili nilinde nilichoiba, na mtoto wa Lengai atabatizwa Jumapili kwa jina ambalo halina sauti. Ngoma zinachemka, besi, gita, kila kitu kwa pamoja, rafu zinatetemeka, ninajua hesabu yake kuliko ninavyojua mapigo ya moyo wangu, sasa, na bendi yote inanyamaza. Dukani hakuna kitu, umeme tu wa spika. Nalepo ameinua kichwa, kikombe hewani, ananitazama, swali lake bado liko pale pale lilipokuwa, mliandika hivyo, si ndiyo, na kaseti bado inazunguka na chai bado inatoa moshi, halafu tarumbeta langu linaingia, kwa chini, lile ambalo watu hulifumbia macho, na kwa mara ya kwanza nasikia jinsi lilivyo na haraka, hata baada ya kufundishwa, nanyoosha mkono nalipunguza mpaka halisikiki, nainua kichwa, nasema, hapana, shemeji, niliandika moja.