Mama wa Nyuki

Kendi alidhani Minnesota haina tena la kumshtua. Kwa miaka sita ya kuwaogesha na kuwalisha wazee wa watu, alikuwa ameyaona mengi. Lakini asubuhi ile, Bi Anica akiwa amefariki alfajiri na gari la maiti limeshaondoka, mumewe, Mzee Lojze, alimshika mkono kutoka kitandani.

"Nenda kawaambie nyuki."

"Niwaambie nini, Mzee?"

"Kwamba mama yao amekufa. Kwetu Slovenia unagonga mzinga mara tatu, unawapa habari. Wasipoambiwa, nao hufa. Mimi miguu imekataa."

Kendi akaduwaa. Yeye, mtu aliyeokoka, mwanakwaya, akaongee na wadudu hapa Golden Valley, majirani wakimtazama? Uchawi wa Kizungu huu! Akatoka, akajibanza nyuma ya gereji dakika mbili, akarudi.

"Nimewaambia."

"Wamejibu nini?"

Kumbe hujibu! "Wamenyamaza tu, Mzee. Kimya kabisa."

Uso wa mzee ukasawijika. "Basi wamemfuata. Wazima lazima wavume." Akajifunika shuka na kulia kwa sauti, yeye ambaye hakutoa chozi maiti ilipotolewa.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini Kendi hakujua ni fupi kiasi hicho. Akatoka mbio huku aibu ikimchoma. Mzinga ulikuwa kando ya uzio, na mbele yake kibao alichokichora Bi Anica mwenyewe, milima ya kwao yenye theluji. Akampigia mzee simu.

"Mzee, nilikudanganya. Sikuwaambia. Sasa sikiliza."

Akagonga mara tatu. "Mama yenu amekufa," akasema, na ikatoka kwa Kimeru, maana ndicho kilichomjia. Akaiegemeza simu kwenye kibao hicho. Ndani kukavuma, mvumo mzito uliomsisimua mwili mzima. Kwenye simu, mzee alivuta pumzi ndefu.

Kazi ilikuwa imekwisha. Lakini mamake Kendi alizikwa nyumbani kwao Nkubu mwezi Februari, naye, bila makaratasi ya kusafiria, aliyatazama mazishi kwa simu hiyohiyo akiwa kazini, akafunga mdomo. Hata kanisani hakumwambia mtu. Mkono wake ukainuka wenyewe, ukagonga tena mara tatu.

"Na mama yangu pia," akasema kwa Kimeru.

Mzee Lojze hakuelewa neno hata moja.

"Wamesikia, Kendi," akasema kwenye simu. "Endelea kuwaambia."