Nelius Baada ya Kupasuliwa

Kabla ya kupasuliwa shingo, Nelius alikuwa mkunga asiyeshindwa kwa maneno. Mwaka wa 1956, wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, watu wa Runyenjes walikuwa wamehamishiwa katika vijiji vilivyozungushiwa handaki, na bila pasi hutoki. Nelius alitoka. Mama akishikwa na uchungu kijiji kingine, alimfokea askari wa lango mpaka akampisha. Alikula sana na bado akakonda, mikono ikitetemeka, moyo ukimwenda mbio. Mumewe, Munyi, alichoka kugombezwa.

Uvimbe wa shingo ulipozidi, daktari wa misheni alimweleza kwamba tezi ilikuwa ikimwaga homoni kupita kiasi, na moyo usingehimili. Akakubali kisu.

Miezi ikapita. Akanenepa, akawa mpole, akasikia baridi hata juani. Munyi aliwaambia majirani kwamba sasa ana mke.

Alasiri moja akaitwa kwa Beth, aliyekuwa akijifungua kijiji cha pili. Langoni askari Njue alimwambia hana pasi, arudi. Nelius aliyatafuta maneno yake makali, hayakuja. Akarudi polepole, akaketi kitandani. Beth alipona. Mtoto hakupona.

Kesho yake alipata pasi ya matibabu, akaenda kwa daktari.

“Ulichokata kilikuwa ugonjwa,” aliuliza, “au kilikuwa mimi?”

 Daktari alisema homoni ile sasa ilikuwa haba, akampa vidonge vya kila siku.

Munyi alivishika akavigeuzageuza. “Usivimeze. Mwaka huu tumeishi kwa amani.”

“Wewe umeishi,” alisema Nelius. “Mimi namtafuta yule uliyekuwa ukimwogopa.”

Akavimeza. Baridi ikamtoka, akarudi kazini. Alikwenda kwa Beth akamweleza ukweli bila kujitetea, wakalia pamoja. Lakini ule ukali wake haukurudi wote, na aliukosa kama mtu anavyomkosa dada aliyeolewa mbali.

Hali ya hatari ilipokwisha, alifundisha wakunga mjini Meru. Wanafunzi walilalamika kuhusu mwenzao Halimo, binti wa mfanyabiashara, kwamba ana haraka na hanyamazi. Nelius alimwita, akampapasa shingo kwa vidole viwili. Hapakuwa na uvimbe wowote. Msichana alizaliwa hivyo.

“Nina ugonjwa, mwalimu?”

“Huna,” alisema Nelius, na vidole vyake vikakawia kuondoka, kana kwamba vimemgusa yule aliyekuwa akimtafuta.