Sitaki kwa Mdomo Gani?

Dada wa mazoezi ya viungo alipokoma kuja, binti yake Mama Cherehani alimwambia mama kwamba dada huyo amesafiri. Mama, fundi nguo mstaafu aliyevunjika nyonga bafuni, alisubiri. Alikuwa ameshaanza kufika dirishani kwa fremu ya kutembelea. Sasa akawa mtu wa kulishwa na kubebwa hadi chooni, huku wageni wakiambiwa, "Hajiwezi tena."

Asubuhi moja dada huyo akabisha hodi.

"Shikamoo, mama. Nimefuata fremu niliyokuazima."

"Marahaba. Safari ilikuwaje?"

"Safari gani tena? Si binti yako alinipigia, akasema mazoezi huyataki?"

Damu ikamchemka mama. Akamwita binti yake kwa sauti ambayo nyumba ilikuwa imeisahau. Binti akaja mbio, mikono imejaa povu la sabuni, akamwona mgeni, akanywea.

"Nimesema sitaki? Kwa mdomo gani?"

"Mama, presha itapanda."

"Umeshaipandisha wewe!"

Binti akaangua kilio. "Mimi ndiye niliyekuokota bafuni! Nilidhani umekufa. Kila ukisimama, roho yangu inaruka."

Mama alimwonea huruma kidogo. Kisha akakumbuka lile neno, hajiwezi, na huruma ikakauka.

"Pole, mwanangu. Lakini umenilaza kama maiti ili wewe upate usingizi." Akaivuta fremu. "Dada, niinue."

"Sikuinui, mama. Sogea ukingoni. Kifua mbele. Sukuma kwa miguu."

Akasukuma. Magoti yalitetemeka, jasho likamtoka, akasimama. Binti akamrukia.

"Usiniguse!"

Akaburuta fremu ukumbini, dada wa mazoezi akimfuata nyuma bila kumshika, mpaka chooni. Akaingia, akabamiza mlango. Aliketi mle peke yake, akalia kwa hasira, tena kwa raha ya mlango uliofungwa.

"Mama, uko salama?" binti akauliza kwa woga.

"Nina shughuli!"

Nje, dada wa mazoezi alishindwa kuzuia kicheko. Binti hakucheka.

Fremu haikuondoka. Jioni mama alijilisha mwenyewe, mchuzi ukamwagikia kifuani, hakuruhusu mtu aufute wala hakumsemesha binti yake. Mazoezi yaliporudi, binti alitakiwa kufungua mlango, kumkaribisha mgeni, kisha akakae uani mpaka aitwe.

Hakuitwa mapema.