Mpaka Aliyevaa Kandambili

Ndoto niliyoiota usiku wa jana sitaki mtu anifasirie, maana kufasiri ndiyo kazi iliyoniponza.

Ninatafsiri mashairi ya Wachikano, Wamarekani wenye asili ya Meksiko, watu wanaochanganya Kihispania na Kiingereza katika mshororo mmoja bila kumwomba mtu radhi. Asubuhi nilitakiwa kumkabidhi Bwana Mbwambo, mchapishaji wangu, shairi la bibi anayepika tamale. Yeye kauli yake ni moja: shairi moja, lugha moja. Basi pale bibi anapomwita mjukuu wake "mija", yaani binti yangu, kwa Kihispania chao cha nyumbani, mimi nikaandika "mjukuu wangu mwema". Mizani nane kamili. Nikalala kwa raha zangu.

Mara niko jikoni kwangu, Tanga, na yule bibi wa kwenye shairi amekaa mezani. Anapaka unga wa mahindi uliokandwa kwenye ganda la hindi, anatia nyama, anafunga. Ng'ambo ya meza mjukuu wake, Marisela, anaangalia sufuria.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Neno langu umeliweka wapi?"

Kabla sijajibu, Mpaka, ule wa kutenga nchi na nchi, anaingia. Amevaa kandambili, waya wake kauviringisha begani kama mkeka. Anapiga hodi akiwa keshaingia, kisha anajilaza katikati ya meza.

"Samahanini," anasema. "Jana nilikuwa mbali huko. Leo nimehamishiwa hapa. Bibi, kuanzia sasa wewe ni mgeni."

"Mgeni? Kiti hiki nimekikalia maisha yangu yote!"

"Kiti ni chako. Kilipo ndipo si kwako."

Upande wa Marisela jiko linageuka shamba la nyanya lisilo na mwisho. Anainama kuchuma, na kila akichuma anazidi kwenda mbali.

"Anaweza kurudi?" nauliza.

"Akiitwa kama anavyoitwa kwao. Sheria ndiyo hiyo. Ila fanyeni haraka, mie bado nakua." Na kweli, waya umeshafika magotini.

Bibi anaita: "Mjukuu wangu mwema!"

Marisela anageuka kuangalia nani anaitwa, haoni mtu, anarudi kwenye nyanya zake. Bibi anajishika mdomo. Anaita tena, linatoka lile lile, mizani nane kamili. Ananitazama na machozi yanamlengalenga. Naona aibu mpaka natamani kuingia ndani ya friji.

Hapo nakumbuka: neno nimelitia kwenye tanbihi, chini ya ukurasa. Nafunua mkeka wa sakafuni, kana kwamba ndio ukurasa wenyewe. Huko chini yamebanana maneno yote ya Kihispania niliyoyaondoa, madogo kama punje za ulezi, na yote yameinama upande, kwa sababu niliyaandika kwa herufi za mlazo.

"Mgongo, mwalimu," linalalamika neno mija. "Tangu utuweke huku hatujasimama wima."

Nalipandisha juu. Mpaka ananyoosha mkono. "Kitambulisho cha hilo neno?"

Bibi anamwekea tamale kwenye sahani. "Kula kwanza, baba. Umetembea sana."

Mpaka anaitia mdomoni na ganda lake. Nataka kumwambia ganda haliliwi; hata sisi huku, kitu kilichofungwa kwa jani la mgomba tunakifungua kwanza. Bibi ananikanyaga mguu. Mpaka anatafuna. Anatafuna tena. Anajaribu kusema "simama", linatoka "mmf".

"Mija!" anaita bibi.

Marisela anatupa ndoo, anakimbia, anauruka waya na kumwangukia bibi yake. Nami nalia nao, utadhani ni ndugu zangu.

"Lakini bibi," nasema huku nikipenga kamasi, "hizo ni mizani mbili tu. Sita zimepungua."

"Zijaze tamale," anasema.

Nikazinduka. Mume wangu, Mhando, alikuwa jikoni analalamika. "Mama Siwema, nani kaacha ganda la hindi mezani? Mahindi yenyewe msimu wake bado. Tena limetafunwa!"

Nikaenda kuangalia. Lilikuwa na alama za meno makubwa, yaliyoachana kama nguzo za uzio.

Simu ikalia. Bwana Mbwambo anaulizia shairi. Nikamwambia litachelewa.

"Kuna nini tena, mwalimu?"

"Subiri kidogo," nikasema huku nikifuta tanbihi na kuyarudisha maneno yake juu, kwenye shairi. "Kuna watu wanavuka."