Kaseti Kwenye Kibuyu cha Majivu

Sauti ya mtangazaji Calist Mazengo ilikuwa imepotea yote. Redio aliyoitumikia ilishafungwa, kanda zake zikatupwa, na siku ya kumkumbuka ilipofika, watu wa kijiji cha Ilongero hawakuwa na hata neno moja lililotoka mdomoni mwake. Ilibaki kaseti moja tu, nayo ilikuwa kwa Naftali.

Rahel, binti wa marehemu, aliifuata asubuhi, amebeba redio-kaseti ya kuazima.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Keti. Najua ulichofuata."

Naftali aliingia ndani akatoka na kibuyu. Akakizibua, akazamisha mkono kwenye majivu, akaitoa kaseti na kuipuliza. Jirani yake Abraham, aliyekuwa amejiegemeza mlangoni, akacheka.

"Kaseti unaihifadhi kama mbegu ya uwele?"

"Mbegu yangu imewahi kubunguliwa?"

"Haijawahi."

"Basi nyamaza."

Kwenye kaseti hiyo Calist alikuwa akimhoji Eliana, mke wa Naftali. Mwishoni Eliana aliimba wimbo wa kupura uwele. Sasa Eliana naye hayupo, na sauti yake haikuwa mahali pengine popote duniani. Tangu redio-kaseti ya Naftali ilipokufa, hakuwa ameisikia.

"Nitairekodi kwa simu, baba," Rahel alisema. "Yako utarudi nayo."

Uwanjani, watu walipokusanyika kumkumbuka Calist, Naftali aliombwa azungumze. Hakuwa mtu wa hotuba.

"Calist alikuja na baiskeli," alisema. "Hakutoa mashine yake ya kurekodi. Alichukua mti wa kupuria, akapura na sisi mpaka shati likalowa. Ndiyo ilikuwa desturi yake: hakuulizi kitu kabla hajashika kazi yako. Mjini walimcheka, eti kipindi chake kina mbuzi wanaokohoa. Lakini ni yeye aliyetutangazia bei ya alizeti ya mjini, dalali akija anakuta tunaijua. Na hapa hakumhoji mwenyekiti. Alimhoji mke wangu."

Rahel akabonyeza, simu yake ikiwa karibu na spika. Calist akasikika, sauti nzito, bado anahema.

"Niko Ilongero. Nimepura mpaka viganja vimetoka malengelenge. Sasa nina haki ya kuuliza."

Uwanja mzima uliangua kicheko. Bibi mmoja alijifuta macho kwa ncha ya kanga. Kisha mashine ikaanza kukwaruza, kama jiwe la kusagia lisilo na nafaka. Naftali akaelewa papo hapo. Majivu yanamzuia bungua, mdudu anayetoboa mbegu, lakini bungua hali kaseti. Yalikuwa yameingia ndani, na sasa yanasaga.

"Baba, inakatika hii," Rahel alinong'ona. "Niizime? Labda fundi ataisafisha, tuokoe sauti ya mama Eliana."

Naftali alitazama watu. Hakuna aliyekuwa amekaa; wote walikuwa wamesogea mbele. Calist alikuwa bado hajafika kwenye swali lake, na mtu huyu maisha yake yote yalikuwa kuuliza swali. Tena, asingekuja na baiskeli ile, nani angemtafuta Eliana kwenye uwanja wa kupuria ampe nafasi ya kusema?

"Mwache amalize," alisema.

"Mama," Calist akauliza kwenye mkwaruzo, taratibu, kama aliyeketi naye jikoni, "mwaka huu ni nani aliyekukosea, mvua au watu?"

Eliana alicheka. "Mvua haikunikosea, ila madalali..."

Utepe ukakatika. Rahel alipofungua mashine, ulitoka wote umejikunja na kuchubuka. Fundi wa Singida aliutazama siku iliyofuata, akaurudisha bila kuugusa, akisema hautengenezeki.

Kwenye simu alibaki Calist: salamu, malengelenge, swali. Kwa upande wa Eliana kilibaki kicheko na maneno manne. Wimbo ulikwenda wote.