Mlio wa Boti Tupu

Ko-ko-ko. Ulianza tena palepale ulipozoea kuanzia, nikiwa nimeshawashusha abiria wa asubuhi ng'ambo na ninarudi peke yangu, boti tupu kama mfuko wa mlevi. Haukuwa mlio mkubwa. Ulikuwa kama mtu anayebisha hodi kwa kidole kimoja, mwenye adabu zake, ila hajui kuchoka. Nikiongeza moto, naye anaharakisha. Nikipunguza, anatulia. Nikizima mashine, kimya. Maji yanalamba ubavu wa boti, na mimi nimekaa nyuma na mkono wa mashine kiganjani, nimetega masikio kama paka mbele ya shimo.

Nilikuwa mjane mbichi wakati huo, na boti ile ndiyo iliyobaki ya kunitii.

Mume wangu na mdogo wake waliinunua kwa kuchanga, lakini tuliokuwa tukiifanyia kazi ni sisi wawili. Yeye alikaa nyuma, akaendesha. Mimi nilikaa mbele kabisa, kwenye ubao wa omoni, nikiwageukia abiria na yeye. Kazi yangu ilikuwa kutupa kamba gatini, kuwapa watu mkono wakipanda, na kumchokoza nahodha wangu njia nzima. Abiria waliniita Mama Mbele. Nilimtania kofia yake, nilimtania anavyokula, nilimtania mama yake naye akiwa amekaa katikati yetu. Mume wangu hakuwa msemaji. Alinijibu kwa nyusi. Nyusi moja ikipanda, nilijua nimempata. Zikipanda zote mbili, boti nzima ilijua.

Alifariki usingizini, bila hata kunigusa bega. Baada ya msiba nilihamia nyuma, kwa kuwa mtu lazima aendeshe. Watu walinihurumia kwa uzito wa mashine, nami sikuwarekebisha. Mashine unaizoea. Nisichoweza kukizoea ni visogo. Miaka yote nilikuwa nimekula nyuso za watu asubuhi na jioni; sasa nilikuwa naangalia visogo vyao, na hakuna binadamu aliyewahi kutania kisogo akapata raha.

Hapo ndipo mlio ukaja.

Nilimwita fundi tuliyemwita Bwana Spana, mtu mnene, mpole, mwenye mikono inayonuka petroli hata akiwa amevaa suti ya harusi. Akaifungua mashine gatini, akatazama plagi, akazungusha rafadha, lile panga la kusukuma maji, akakaza boliti zinazoishikilia. Akasema mashine hii ina afya kuliko yeye. Nikamwambia hilo si gumu, twende majini asikie mwenyewe. Tukaenda. Kwenye boti yetu kulikuwa na sheria moja aliyoiweka marehemu, kwamba wa kwanza kupanda anakaa mbele ili omo isiinuke. Kwa mwili wa Bwana Spana sheria haikuhitaji kuelezwa. Angekaa nyuma pamoja nami, tungerudi tukiogelea. Akajikalia mbele, akakunja shingo, akasikiliza. Tulivuka, tukarudi. Mashine iliunguruma kama mtoto aliyeshiba.

"Mama," akaniambia tukifunga kamba, akichagua maneno kama mtu anayetembea kwenye vigae vya chupa, "wewe unalala vizuri kweli?"

Kesho yake, nikiwa peke yangu, ko-ko-ko.

Habari zikamfikia shemeji yangu. Simsemi vibaya, alikuwa na moyo mzuri, na ndiye aliyebeba jeneza mbele. Naye alipanda, naye akakaa mbele, naye hakusikia kitu. Tulipotua alinishika mkono, tukakaa kwenye ngazi za gati, akanieleza kwa sauti ya chini kwamba amepata mtu wa kuinunua boti, atakuja Jumamosi kuiona. Nyumbani kwake yeye shemeji kulikuwa na chumba cha uani, watoto wananipenda, sitakosa la kufanya. Nikamwambia boti haina ubovu.

"Shemeji, angalia," akasema. "Ikiwa mashine inalia, tuiuze kabla haijafa. Na ikiwa hailii, basi unasikia vitu. Mtu anayesikia vitu tutamwachiaje roho za watu?"

Nikashika kamba ya boti, nikaikaza ilhali ilikuwa imeshakazwa. Mimi, ambaye nilikuwa na jibu hata la salamu. Upole wake ndio ulionitisha: angefoka, tungefokeana, yakaisha. Nilikiona kile chumba cha uani, kitanda chake kimeshatandikwa, na mimi nimekaa ukingoni nikikunja nguo za watoto wa wenzangu, watu wakipunguza sauti nikipita.

Ijumaa niliwavusha abiria, nikageuza. Maji yalikuwa yametandazika kama sinia. Mlio ukaanza. Nikachukua bisibisi ndefu, nikaweka ncha kwenye kifuniko cha mashine na mpini sikioni, kama nilivyomwona Bwana Spana akifanya. Ndani mlikuwa safi, chuma kikipokezana na chuma bila ugomvi. Ila sikio langu jingine, lile lililokuwa wazi, bado lilikuwa linabishiwa hodi.

Nikaitoa bisibisi. Muda wote huo nilikuwa nimeutafuta mlio nyuma, kwa sababu ulikwenda kwa mwendo wa mashine, na kila niliyemwambia naye aliutafuta nyuma. Hakuna aliyeuliza kama unatoka mbele.

Nikafunga mkono wa mashine kwa kamba ili boti inyooke kurudi gatini kwetu, jambo ambalo mume wangu angelinipigia kelele, yeye asiyepiga kelele. Nikatambaa. Nikapita benchi moja baada ya jingine kwa magoti, na kila nilipolipita mlio ulizidi, mpaka nikafika omoni nikatia kiganja juu ya ubao.

Kimya.

Nikainua kiganja. Ko-ko-ko. Misumari ya upande mmoja ilikuwa imelegea, na boti ikikimbia, mtetemo wa mashine ulikuwa ukiunyanyua ubao na kuupigisha kwenye fremu yake. Mtu akiukalia, unanyamaza. Na kila aliyewahi kupanda kuja kunisikilizia alikuwa ameukalia.

Nilicheka peke yangu kama mwehu, nikatukana kidogo, kisha nikageuka nikakaa. Makalio yalikumbuka mahali pake yenyewe. Nikainua macho.

Kule nyuma mashine ilikuwa inafanya kazi. Povu lilikuwa linafuata. Mkono ulikuwa umefungwa kamba, na pembeni yake benchi lilikuwa limelowa jua, halina mtu. Boti ilikuwa inakwenda vizuri tu.

"Endesha taratibu, wewe," nikasema. "Umebeba mke wa mtu."

Hakuna nyusi iliyopanda.

Sijui nilikaa vile kwa muda gani. Niliamshwa na matete, yalikuwa yameshakaribia, boti ikiyaelekea kwa furaha yake yote. Nilirudi nyuma nikijigonga magoti, na nyuma yangu ubao ukaanza tena.

Jumamosi shemeji alikuja na mnunuzi, mtu wa viatu vyeupe. Nikamwomba mgeni asubiri gatini. Shemeji akataka kwenda mbele. Nikamwambia leo akae katikati. Akanikumbusha sheria ya kaka yake. Nikamwambia nahodha amebadilika.

Mwendo ulipokolea, mlio ulianza. Niliuona uso wake ukigeuka, kwanza kunitazama mimi, kisha mashine.

"Nenda kakae mbele," nikamwambia.

Akaenda, akakaa. Kimya. Akainuka, ukaanza. Akakaa tena. Akaupapasa ubao kwa vidole, polepole.

"Hapa ndipo ulipokuwa unakaa," akasema.

"Ndipo."

Gatini alimchukua mwenye viatu vyeupe pembeni, wakazungumza kidogo, shemeji akitikisa kichwa, wakaondoka pamoja. Bwana Spana alileta skrubu. Ubao ulikuwa umepinda, haukulala vizuri, ikabidi nipande niukalie huku yeye akiwa amepiga magoti chini akizungusha, akihema. Aliniambia nikae kwa uzito wangu wote. Nikamuuliza kama ananiita mnene, yeye. Akacheka mpaka bisibisi ikateleza.

Jioni nilikwenda kuwachukua wafanyakazi niliowavusha asubuhi. Kulikuwa na sauti ya mashine, na ya maji, basi. Boti ilikuwa bado mikononi mwangu, akili zangu nilikuwa nazo, na kimya kilikuwa kirefu kuliko nilivyokikadiria. Nikakisikiliza chote mpaka ng'ambo.

Watu walikuwa wamejipanga na mifuko yao. Mmoja, mpishi mwenye domo, akaniambia amesikia nimeuza boti.

"Panda," nikamwambia. "Siku nikianza kuuza, nitaanza na wewe."

Wakacheka, akiwemo yeye. Kisha wakakaa, wakageukia mbele, na mimi nikaongeza moto.